ACS758, shanti au pete ya Hall: kipi kinapima vizuri ampea za betri ya sola?

FundiBirere (Goma)
Jambo wakubwa. Niko na betri ya volti 12, ampea-saa 200, inveta ya wati 1000 na paneli juu ya paa. Kuran ikikatika, saluni na chaji ya simu vyote vinategemea betri hiyo. Nataka Arduino (kompyuta ndogo ya bodi moja) ihesabu ampea zinazoingia na zinazotoka usiku na mchana, nijue imebaki kiasi gani kabla haijaumia. Nimeonyeshwa sensa za mkondo ACS712 ya ampea 30 na ACS758 ya ampea 100, shanti (kizuizi kidogo sana ambacho mkondo unapita ndani yake) ya ampea 100 kwa milivolti 75, na pete za Hall, zinazopima kwa sumaku, zinazovishwa kwenye waya. Ninyi mnatumia kipi?

KadutuElec (Bukavu)
ACS712 iondoe kwanza. Wati 1000 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 83, na ukiongeza zinazopotea ndani ya inveta unapita 90. Mimi natumia ACS758. Mkondo unapita kwenye kipande cha shaba chenye upinzani wa maikroomu 100 tu, hakipati moto wa maana, na upande wa Arduino haugusani na betri hata kidogo. Kwa usalama sijaona cha kuishinda kwa bei yake.

YayaKamalondo (Lubumbashi)
Kwa usalama nakubaliana na mukubwa wa Kadutu. Kwa kazi ya kuhesabu chaji, hapana, na nitaeleza kwa namba.

ACS758 ya ampea 100 inatoa milivolti 20 kwa kila ampea. Arduino Uno inagawa volti 5 mara 1024, yaani hatua moja ni karibu milivolti 4.9, sawa na robo ya ampea. Sifuri ya sensa, yaani inachosoma mkondo usipokuwepo, ikihama hatua moja tu, programu itahesabu robo ya ampea inayotoka hata kama umezima kila kitu. Zidisha kwa saa 24: karibu ampea-saa 6 za uongo kwa siku. Baada ya wiki hesabu imepotea 40, na betri yako ni ya 200.

Na sifuri ya sensa za Hall, ACS758 ikiwemo, inahama kweli. Jambo aliloligundua Edwin Hall mwaka 1879 ni kwamba sumaku inasukuma chaji zinazopita kwenye bamba jembamba zielekee pembeni, na hapo inazaliwa volti ndogo sana. Volti hiyo lazima ikuzwe, na joto linaisumbua. Ukifunga sensa kando ya inveta, asubuhi itasoma hivi, mchana vile. Hata kigeuzi cha biti 16 kama ADS1115, kinachogeuza volti kuwa namba kwa hatua ndogo kuliko za Uno, hakiponyi hilo. Kinasoma kosa kwa usahihi zaidi.

Shanti yako ni miliomu 0.75. Iunganishe na INA226, chipu inayosoma volti ndogo ya shanti: hatua yake ni maikrovolti 2.5, yaani kama miliampea 3, na kosa la sifuri halizidi maikrovolti 10, kama miliampea 13. Kwa siku hiyo ni theluthi ya ampea-saa. Moduli nyingi za INA226 zinakuja na kizuizi kilichoandikwa R100, yaani shanti yake ndogo. Kitoe kwanza, ndipo uvute nyaya mbili kutoka kwenye shanti.

HimbiSola (Goma)
Yaya amesema kweli, lakini pete zisitupwe. INA226 inaishia volti 36. Mwenye betri za volti 48, au paneli zilizofungwa mfululizo, atafurahi kuwa na pete isiyogusa waya. Weka waya katikati ya tundu, mbali na transfoma na spika, na urudishe sifuri ukiwa umezima mzigo, pete ikiwa pale pale itakapokaa.

Pete ina uzuri mwingine: taa ya gari ya wati 55 inavuta kama ampea 4.5. Ipime kwa multimita, kisha pitisha waya wake mara 10 ndani ya pete. Inapaswa kusoma 45. Umejaribu mkondo mkubwa bila kuwa nao.

KadutuElec
Hilo la mara 10 nalichukua. Na wanaobaki na ACS758: volti 5 ya sensa iwe ile ile Arduino inayoitumia kama kipimo chake, maana sifuri iko kwenye nusu ya volti hiyo. Ikishuka, zinashuka pamoja.

FundiBirere
Aksanti sana Yaya, aksanti wote. Nachukua shanti na INA226 kwa betri. Niiweke upande wa chanya au hasi?

YayaKamalondo
Hasi ni rahisi kwa volti 12. Waya mmoja mnene utoke kwenye hasi ya betri hadi shanti, na kila kitu kingine, inveta, kidhibiti cha paneli, taa, hata hasi ya Arduino, kifungwe upande wa pili. Kilichofungwa moja kwa moja kwenye betri hakitahesabiwa. Chanya inayolisha Arduino iwekee fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na betri. Ampea-saa 200 zinayeyusha waya mwembamba kabla hujafika kuuchomoa.