Taa haiwaki kwenye bredibodi, IC ya pili hii

Neema_Umeme: Habari za jioni wakuu. Nina bredibodi, ile bodi ya kuchomeka vifaa bila kulehemu, ndefu ya matundu 830. Nimeunga saketi ya kuwasha na kuzima taa kwa IC (chipu) ya 555, ile ya kuhesabu muda: rizista ya 10k, ya 68k, kapasita ya 10µF, na rizista ya ohmu 470 kwenye LED. Betri ni ya volti 9, nimeichomeka mwisho wa kushoto, IC iko kulia. Haiwaki kabisa. LED nimegeuza miguu, nimebadilisha, wapi! IC ya kwanza nikajua imeungua nikaiweka pembeni, nikaweka mpya, hali ni ile ile. Hela ya ya tatu sina.

Kapasita77: Mguu wa 4 wa IC umeupeleka chanya pamoja na wa 8? Na wa 2 umeunga na wa 6?

Neema_Umeme: Yote nimefanya mkuu. Kibonyeo, kile kialama kilichochongwa kwenye IC, kinatazama kushoto, mguu wa 1 uko chini kushoto, nimeupeleka hasi.

FundiRedio: Dada, usinunue IC. Chomoa betri, kisha fuata ule mstari mwekundu wa pembeni kwa kidole mpaka katikati ya bodi. Ukiona rangi imekatika, ujue na bati la ndani limekatika hapo hapo. Betri yako inalisha nusu ya kushoto tu, IC iko gizani. Baadhi ya bodi ndefu zimetengenezwa hivyo ili upande mmoja uutumie kwa volti 5 na mwingine kwa 12.

Mimi jambo hili lilinila siku mbili. Nilikuja kuelewa nilipobandua ile gundi ya mgongoni: unaona vibati vifupi vya matundu matano matano, halafu bati refu la pembeni, na lenyewe ni vipande viwili visivyogusana. Tangu siku hiyo bodi mpya naipima kwanza. Mita ya umeme kwenye mlio, ile hali inayolia njia ikiwa imeungana, ncha moja mwanzo wa mstari, nyingine mwisho. Ikinyamaza, pamekatika, hata kama rangi imenyooka.

Vusha kwa nyaya mbili fupi, nyekundu kwa nyekundu, bluu kwa bluu. Tumia uzi mmoja wa ndani ya kebo ya mtandao, ule mgumu, umenye milimita 7 hivi. Waya wa nyuzinyuzi unajikunja mlangoni mwa tundu, unadhani umeingia kumbe bado.

Kapasita77: Na mistari ya juu na ya chini nayo haijaungana yenyewe, ukiitumia yote iunge.

Neema_Umeme: Mita sina, ila kidole kimepaona! Rangi imekatika pale katikati, nafasi ndogo kama punje mbili za mchele. Nimevusha nyaya, INAWAKA, kama mara moja kila sekunde. Nimerudisha na ile IC ya kwanza, nayo ni nzima. Asante sana fundi, mdogo wangu kakaa mbele yake hataki niizime.