Mjadala: Ngoma za asili katika nyimbo za filamu za Kihindi, zinatunzwa au zinaporwa?

Wanajamvi, salamu.

Naileta mada hii kwa sababu kila ikiibuka huishia kwenye tumbo la mwigizaji. Mnakumbuka sakata la Padmaavat? Januari 2017 kundi la Warajput, jamii ya kishujaa iliyotawala Rajasthan, lilivamia seti ya filamu hiyo kule Jaipur, likidai malkia wao anayesimuliwa humo anavunjiwa heshima. Oktoba ukatoka wimbo wa Ghoomar, moto ukazidi: malkia hachezi mbele ya watu, tena kiuno wazi! Bodi ya ukaguzi ikataka wimbo urekebishwe, na filamu ilipoingia kumbini Januari 2018, kiuno cha Deepika Padukone, aliyeigiza malkia huyo, kilikuwa kimefunikwa kwa kompyuta. Nguo ambayo hakuna fundi aliyeishona.

Mimi naona ugomvi ule ulibisha mlango usio wake. Ngoma yenyewe ya ghoomar inasemekana ilikuwa ya Wabhil, jamii ya wenyeji wa asili, kabla haijaingia kwenye majumba ya Warajput. Ni ngoma ya wanawake: wanazunguka kwa duara, ghagra, yaani sketi zao pana, zimefura, nyuso zimefunikwa mtandio. Duara halina mbele wala nyuma, na mtazamaji wako ni mwenzio anayecheza upande wa pili. Kamera inataka mbele. Basi safu zinapangwa, nyota anakaa katikati, wengine wote wanakuwa mapambo yake, na mtandio unatoka usoni maana uso ndio unaouza tiketi. Kwa hilo hakuna aliyeandamana.

Garba, ngoma ya Wagujarati, nayo ni hivyo hivyo. Nyakati za Navratri, sikukuu ya Kihindu ya siku tisa, iwe Ahmedabad au kwenye kumbi za Wahindi hapa Dar na Nairobi, watu huzunguka taa au sanamu ya mungu wa kike, bibi na mjukuu mduara mmoja. Sinema huiondoa taa ikamweka nyota.

Karibuni tubishane.

JIBU LA 1
Mkuu, unawaonea. Bila filamu nani angeijua ghoomar nje ya Rajasthan? Halafu hawakukurupuka. Walimwita mtaalamu wa ghoomar, Jyothi Tommar, na yeye pamoja na Kruti Mahesh Midya wakapata Tuzo ya Taifa ya Filamu kwa kubuni uchezaji wa wimbo ule. Mwenye ngoma kaitwa, katuzwa. Uporaji uko wapi?

JIBU LA 2
Mimi bado niko kwenye nguo, mnisamehe. Tazameni Pinga, kwenye Bajirao Mastani ya 2015. Pinga ni mchezo wa wanawake wa Maharashtra usiku wa Mangalagaur, ibada ya wanawake walioolewa, wakiwa wenyewe kwa wenyewe, wamevaa nauvari, sari ya yadi tisa inayopitishwa katikati ya miguu ili mtu aruke bila wasiwasi. Kwenye filamu imeshushwa chini ya kitovu, na miondoko imechanganywa na lavani, ambayo ni ngoma ya jukwaani ya kulipiwa. Wazao wa Peshwa, watawala wanaosimuliwa kwenye filamu hiyo, walilalamika kwa ajili ya ukoo wao, sawa. Lakini kwetu sisi wanawake hiyo ni sawa na kuutoa unyago nje, wanaume wakapangiwa viti vya mbele.

MWANZISHA MADA
Dada wa jibu la 2, umenisaidia. Huo wa unyago ndio mfano niliokuwa nautafuta.

Ndugu wa jibu la 1, tuzo sikatai, na mtaalamu kuitwa ni jambo jema. Lakini hoja ya "bila filamu nani angejua" naikataa. Wakalbelia wa Rajasthan walikuwa watu wa kuchezesha nyoka. Sheria ya India ya kulinda wanyamapori ya 1972 ilipowabana, ngoma ikawa riziki yao. UNESCO iliiorodhesha kama urithi wa utamaduni mwaka 2010, na mchezaji wao Gulabo Sapera akatunukiwa Padma Shri, nishani ya serikali ya India, 2016. Jina lake lilipanda kwa maonyesho na majukwaa, akiwa na sketi yake nyeusi ileile.

Kwa hiyo siombi filamu ziache ghoomar. Naomba mpiga picha aingie ndani ya duara, azunguke nao, na nyota akubali kupita mbele ya kamera kisha apotee, ampishe anayefuata. Nani atalipia wimbo wa namna hiyo? Wapenzi wa filamu, jibuni.