Mjadala: Filamu ya "Ingagi" (1930) ionyeshwe au ifungiwe?

Wadau, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa kwenye hili.

Mwaka 1930 kampuni ya Marekani, Congo Pictures, ilitoa filamu iitwayo Ingagi, yaani gorila kwa Kinyarwanda. Ilitangazwa kuwa ni picha halisi za msafara wa Mwingereza, Sir Hubert Winstead, aliyeingia misitu ya Kongo ya Wabelgiji kuwasaka gorila. Kivutio chake kikuu kilikuwa kabila linalomtolea gorila mwanamke. Watu walijazana kumbini kuitazama.

Ulikuwa utapeli. Winstead hakuwahi kuwepo. Gorila alikuwa Charles Gemora, mzaliwa wa Ufilipino, ndani ya vazi la manyoya, na mwenyewe alikiri kwa kiapo. Wale walioitwa mbilikimo walikuwa watoto weusi wa Los Angeles. Kulikuwa hata na mnyama wa ajabu mwenye sumu, kumbe ni kobe aliyebandikwa mabawa na magamba! Picha nyingi za wanyama zilichotwa kwenye filamu ya zamani zaidi. Mwaka 1933 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara iliwaamuru wenye filamu waache kuitangaza kama kweli.

Sasa filamu hiyo imetolewa upya na yeyote anaweza kuinunua. Wapo wanaotaka ifungiwe moja kwa moja: inatudhalilisha, na inamdhalilisha mwanamke Mwafrika kuliko wote. Hasira hiyo ninayo pia. Lakini nasema ionyeshwe, na nzima bila kukatwa.

Ukiifungia unawasitiri walioitengeneza. Waliotukanwa hawapati chochote, na ushahidi wa jinsi tusi lilivyotungwa, likauzwa na kuingiza fedha unapotea. Mjukuu wangu akiambiwa kwamba Wazungu waliwahi kuaminishwa haya kuhusu Kongo, nataka aone kwa macho yake.

Sharti langu ni moja na silegezi: uamuzi wa 1933 usomwe mwanzoni, kwa maneno yanayoeleweka, kabla ya picha ya kwanza. Na isiwekwe kamwe kwenye rafu ya filamu za wanyama. Gorila wa kweli anakula majani, mianzi na mashina ya porini. Wabelgiji wenyewe walikuwa wameanzisha Hifadhi ya Albert, Virunga ya leo, tangu 1925 ili kumlinda, miaka mitano kabla ya filamu hii kumfanya mbakaji. Hesabu iliyotangazwa 2018 ilionyesha gorila wa milimani wamebaki zaidi kidogo ya 1,000, na askari wa hifadhi wameuawa wakiwalinda.

Hoja ya upande wa pili inayonisumbua ni ya vipande. Mtu anakata dakika moja, anairusha kwenye simu bila maelezo, na uongo unaanza safari upya. Hapo onyo la mwanzoni halisaidii kitu. Binafsi naona maandishi ya onyo yakae chini ya picha muda wote, hata kama wapenzi wa sinema watalalamika kwamba yanaharibu mwonekano. Bora mwonekano uharibike.

Nawasikiliza, hasa ndugu wa Goma, Rutshuru, Musanze na Kisoro mnaoishi jirani na gorila hao. Mngekubali ionyeshwe kwenye shule zenu za sekondari, kwa masharti hayo? Anayekataa aseme pia ushahidi huu tuutunze wapi, na nani ashike ufunguo.