Peugeot 504 iliuawa na Wajapani au na Wafaransa wenyewe?

Chuma_cha_Zamani: Wakuu tuseme ukweli. 504 ilikuwa inaunganishwa hapa hapa Mombasa, kiwanda cha AVA, ile wagoni ya safu tatu za siti ikipakia watu Nairobi hadi Kisumu, mizigo juu kwenye keria, mashimo yote inayameza tu. Leo ukiiona barabarani unageuza shingo. Mi nasema Wafaransa walijiua, wakaacha chuma wakakimbilia gari za waya na sensa.

Fundi_Mikindani: Hapana mkuu. Ni mitumba. Miaka ya 90 soko lilipofunguliwa mtu alipata Corolla ya Japani kwa bei ambayo 504 mpya huisogelei, na spea zimejaa kila duka. Injini za 504 nimezifungua mpaka mikono ikaota sugu, gari haikuwa na kosa. Bei ndo iliyoiua.

Binti_Nakuru: Na sifa Peugeot tuliipa sisi Wakenya. Mbio za magari za Safari Rally 63, 66, 67, 68 zote zilishindwa na 404, Peugeot iliyotangulia 504, madereva wetu hao!

Mtu_wa_Upanga: Madereva WENU? 66 na 67 alishinda Bert Shankland, mtu wa Dar es Salaam, na msaidizi wake Chris Rothwell pembeni yake. Mara mbili mfululizo! Kila kizuri cha Afrika Mashariki lazima kiwe cha Kenya?

Binti_Nakuru: Shankland ni Mskoti bwana, usitupigie kelele.

Mtu_wa_Upanga: Na Nowicki wa 63 na 68 ni mzaliwa wa Poland, mbona yeye ni Mkenya? Chagua moja dada. Mtu kaishi Dar, kafanya kazi Dar, vumbi la Tanganyika kalila, ni wetu.

Binti_Nakuru: Nowicki 68 alimaliza wa kwanza yakiwa yamebaki magari 7 tu, matope mpaka milangoni. Huyo heshima yake usimguse.

Chuma_cha_Zamani: Jamani mada ni 504. Nayo ilishinda 75, nadhani ni Waldegård.

Fundi_Mikindani: Sio Waldegård, ni Ove Andersson. Halafu 78 Jean-Pierre Nicolas na ile 504 coupé ya milango miwili, injini V6. Wote wawili wageni waliokuja kushindana, ndo maana hamuwagombanii.

Mtu_wa_Upanga: Fundi umesema kweli ila mi sirudi nyuma. Marehemu baba alinibeba mabegani pale Morogoro kuangalia 404 zikipita usiku, hatukuona gari, tuliona taa na vumbi tu, watu wanapiga kelele Shankland! Shankland! Hakuna aliyemuuliza kazaliwa wapi.

Binti_Nakuru: Sawa kaka, 66 na 67 chukueni. 63 na 68 hamgusi.

Fundi_Mikindani: Haya, kwa hiyo kwenye bei mnakubaliana na mimi?

Mtu_wa_Upanga: Bei gani?