Datsun 120Y inapasua kama bunduki, ni kabureta au taimingi?

Mwana_Masaka: Wandugu salamu. Nina Datsun 120Y niliyoachiwa na mzee, kabureta ni ile ile ya Hitachi. Wiki mbili zilizopita fundi alibadilisha plagi na pointi za distributa (zile zinazokata umeme ili cheche itoke), tangu hapo nikikanyaga mafuta ghafla inakohoa pwaa! kule juu kwenye kabureta, halafu nikiachia mafuta nashuka Mengo kwenda Ndeeba hapa Kampala eksozi nayo inapasuka, juzi mtu wa boda kainama akidhani ni risasi, aibu jamani. Fundi anasema kabureta imekufa ninunue nyingine. Nimpe hela?

Petroli_na_Moshi: Weka hela mfukoni kwanza. Hayo ni magonjwa mawili. Hiyo ya juu mara nyingi ni hewa nyingi petroli kidogo, mchanganyiko unaungua polepole mpaka valvu ya kuingizia inafunguka na moto bado umo, unarudi juu. Zima injini, toa eya klina, chungulia koo la kabureta huku unavuta waya wa mafuta kwa mkono, petroli iruke hapo hapo kama mkojo wa mtoto. Sigara weka mbali ssebo!

Spana_13: Mi ningeanza na taimingi, yaani wakati cheche inapotoka. Aliyefunga pointi mpya aliipima tena? Wengi hawapimi. Nafasi ya pointi ikipungua cheche inachelewa, na cheche ikichelewa moto unakuja kumalizikia kwenye eksozi. Weka kama 0.5 mm ndo uje kwenye taimingi, ukianza na taimingi utarudia kazi. Waya za plagi zifuate mpangilio wa kuwaka 1-3-4-2, namba 1 ni silinda ya mbele. Halafu kagua gasketi ya eksozi, ukiona masizi pembeni ujue inavuja, ukiachia mafuta inanyonya hewa na petroli ambayo haijaungua inalipukia humo.

Mtu_wa_Premio: Uza hiyo chuma chakavu ununue Toyota Premio ulale

Petroli_na_Moshi: Wewe nyamaza, Shekhar Mehta mzaliwa wa Uganda kachukua Safari Rally mara 5 na Datsun.

Mwana_Masaka: Narudi na majibu. Nimevuta waya mara ya kwanza hakuna kitu, ya pili limetoka tone moja linateremka ukutani kama machozi. Kufungua pampu ndogo ya kabureta, ile inayorusha petroli ukikanyaga, kile kikombe chake kimekauka kimesinyaa kama ngozi ya ndizi. Nimepata seti ya vipuri vya kabureta soko la Kisekka, nimebadilisha kikombe tu, kukohoa kumeisha kabisa! Nafasi ya pointi ilikuwa 0.3 mm, nimefungua mpaka 0.5 na jirani kanisaidia kupima taimingi kwa taa yake maalumu. Eksozi bado inapasuka kidogo nikishuka, na masizi nimeyaona kwenye jointi ya chini ya manifoldi, bomba linalokusanya moshi wa injini.

Spana_13: Gasketi hiyo. Boliti zake zimeshika kutu miaka yote hiyo, zimwagie mafuta ya kulegeza kutu usiku ulale, asubuhi ndo uguse spana, ukikata moja utanikumbuka.