Maunti za injini na giaboksi za kujitengenezea: raba, poliyurithani au chuma kwa chuma?

Njia_Mbovu:
Ndugu wajumbe, ninajenga gari la porini lenye chasisi ya ngazi (reli mbili ndefu zilizounganishwa kwa vyuma vya kukatiza), na ninaliwekea injini ya dizeli iliyo nzito kuliko ile ya awali, pamoja na giaboksi na transfa yake (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma). Maunti za kiwandani, yaani vishikizo vinavyofunga injini na giaboksi kwenye chasisi, hazikai, hivyo sina budi kutengeneza zangu. Ninalinganisha raba, bushi (vipande vya mviringo vyenye tundu katikati) za poliyurithani, ambayo ni plastiki inayonyumbuka, na kufunga chuma kwa chuma. Gari litapanda miamba kwa gia nzito, lakini pia litakwenda safari ndefu za lami. Mngechagua ipi, na kwa sababu gani?

Fundi_Grainda:
Chuma kwa chuma iache kabisa. Chasisi ya ngazi hujipinda kila tairi moja linapopanda jiwe, na injini iliyofungwa bila kitu chochote cha kunyumbuka hulazimika kujipinda nayo. Kinachopasuka kwanza huwa ni masikio ya alumini ya giaboksi, yaani sehemu zake zinazopitisha boliti.

Kabla ya kuchagua raba au poliyurithani, piga hesabu ya nguvu. Tuseme injini inatoa msokoto wa Nm 300 (niutoni-mita), gia ya kwanza ina uwiano wa 4 na gia nzito ya transfa 2.5: msokoto unaotoka nyuma ya transfa ni Nm 3,000, na injini, giaboksi na transfa, vikiwa vimefungwa pamoja, husukumwa kugeukia upande wa pili kwa kiasi hicho hicho. Maunti za mbele zikiwa sentimita 60 kutoka moja hadi nyingine, moja itavutwa juu na nyingine itakandamizwa kwa takriban niutoni 5,000, sawa na uzito wa kilo 500 hivi, mbali na uzito wa injini yenyewe. Raba iliyogundishwa tu kati ya mabamba mawili hubanduka upande ule unaovutwa. Kwa hiyo tumia bushi ndani ya bomba, yenye boliti inayopita katikati, ili hata raba ikichoka injini isiweze kuchomoka.

Mama_Chasisi:
Ninakubaliana na fundi kuhusu boliti, ila poliyurithani nayo ina haki ya kutetewa. Mafuta yanayovuja huilainisha raba ya kawaida polepole, ilhali poliyurithani huyavumilia vizuri zaidi, na bushi zake hubadilishwa bila kukata chuma. Kasoro yake ni mtetemo: dizeli ikinguruma taratibu gari likiwa limesimama (sailensa), sakafu nzima hutetemeka. Kwa kuwa umetaja safari ndefu, chukua poliyurithani laini, au raba ngumu iliyokingwa na joto la ekzosi kwa bati.

Lililo muhimu zaidi kwangu ni idadi ya maunti. Weka tatu: mbili mbele na moja nyuma, katikati ya krosimemba (chuma kinachokatiza kati ya reli mbili za chasisi). Chasisi ikijipinda, pointi tatu hufuata bila kuupinda mwili wa injini, jambo ambalo pointi nne haziwezi. Tena, maunti ya nyuma isiwe ngumu kuliko za mbele, la sivyo mkia wa giaboksi ndio utakaobeba msokoto wote.

Njia_Mbovu:
Nashukuru sana. Nimeamua: pointi tatu, bushi za poliyurithani laini ndani ya bomba. Je, mabamba ya milimita 6 yanatosha, na nianze kupima wapi?

Fundi_Grainda:
Yanatosha, mradi uyatie pembetatu za kuimarisha. Anza na propela (mhimili unaopeleka nguvu kutoka transfa hadi difu, yaani sanduku la gia la ekseli), si na maunti: ining'inize injini mahali pake, pima pembe ya transfa na ya difu, na uhakikishe kwamba krosi mbili za propela (viungo vya ncha zake) zina pembe zinazolingana, zisizozidi digrii 3 hivi gari likiwa limesimama kawaida. Kisha bana springi za mbele hadi mwisho, uone kama difu la mbele linagusa sampu (bakuli la oili chini ya injini). Hapo ndipo uchomelee vidoa vidogo tu.

Mama_Chasisi:
Na kabla ya uchomeleaji kamili, toa injini na bushi zote, kwa maana poliyurithani huyeyuka. Tenganisha betri, na uifunge ethi ya mashine ya kuchomelea karibu kabisa na mahali unapochomelea, umeme usije ukapita kwenye bearingi. Bamba linalokaa kwenye chasisi lichongwe ncha kama almasi, kwa sababu mshono uliosimama wima kukatiza ubavu wa chasisi ndiko ufa unakoanzia. Bomba likishapoa, pitisha bushi kwanza kwa mkono. Ikikataa kuingia, joto limelivuta bomba na itabidi ulichonge ndani kabla ya kufunga.