Mjadala: Mifumo ya umma itumie orodha moja ya misimbo ya makosa?

Mleta mada (Makole)
Wakuu, salaam. Tangu serikali ihamie Dodoma, kazi ya kuunganisha mifumo ya umma imejaa hapa mjini. Namba 1047 kwa mfumo mmoja yaweza kuwa ankara iliyokwisha muda, kwa mwingine nywila isiyo sahihi. Anayeunganisha mifumo mitano anaandika majedwali matano ya tafsiri. Hoja yangu: iwepo orodha moja inayomfunga kila anayetoa API ya umma, yaani mlango ambao mifumo mingine huutumia kuwasiliana na mfumo wake.

Mchangiaji wa Nkuhungu
Napinga. Orodha moja inataka kamati, na divelopa mwenye haraka hataisubiri. Atatupia kila kitu kwenye 9999, "kosa jingine", na hapo msimbo hausemi chochote. HTTP, itifaki ya mawasiliano ya wavuti, ina hadhi zake tayari, namba zinazosema ombi limeishaje: 401 hujatambulika, 403 huna ruhusa, 409 mgongano, 429 umezidisha maombi. Maelezo ya ziada yana muundo wake, RFC 9457 ya 2023 (RFC ni waraka wa kanuni za intaneti), iliyochukua nafasi ya 7807 ya 2016.

Mchangiaji wa Nzuguni
Mkuu, 409 peke yake haitoshi. Ankara imeshalipwa, ankara imefutwa: zote zaweza kuwa 409, ila hatua za mteja, yaani programu iliyotuma ombi, ni tofauti kabisa. Muundo huohuo wa 9457 unaruhusu kuongeza sehemu zako:

{"status": 409,
"title": "Ankara imefutwa",
"msimbo": "MALIPO_ANKARA_IMEFUTWA",
"kumbukumbu": "a81f-22"}

Neno linasomeka kwenye logi (rekodi za mfumo) bila jedwali, na kiambishi MALIPO kinazuia misimbo ya mifumo miwili kugongana. Kinachohitaji usajili ni viambishi tu. Sharti langu moja, na hapa sirudi nyuma: msimbo ukishatoka maana yake haibadilishwi, na ukistaafishwa haupewi kazi nyingine. Kuna programu za simu za zamani ambazo hazijasasishwa na bado zinausoma.

Mchangiaji wa Kisasa
Na proksi je, ile seva ya kati inayopitisha maombi na majibu? Seva ikijibu 503 (huduma haipatikani), proksi inaweza kuutupa mwili wa jibu na kuweka ukurasa wake wa HTML. Ndiyo sababu wengine hurudisha 200 (ombi limefaulu) daima, kosa likiwa ndani.

Mchangiaji wa Nzuguni
Hilo ni la kurekebisha kwenye proksi. Katika nginx, programu inayotumika kama proksi, proxy_intercept_errors (mpangilio unaoiruhusu kubadilisha majibu ya makosa) huwa imezimwa tangu mwanzo. Mkikuta imewashwa kwenye njia ya API, izimeni. Ukirudisha 200 kila mara, kengele za ufuatiliaji hazilii hata huduma ikiwa imelala, na jibu la kosa linaweza kuhifadhiwa kwenye kashe (hifadhi ya muda) likagawiwa kwa wengine.

Mleta mada
Na msimbo ambao mteja haujui?

Mchangiaji wa Nkuhungu
Afuate hadhi ya HTTP. Hata hadhi yenyewe asipoijua, 4xx (yoyote inayoanza na 4) aichukulie kama 400, ombi lenye kasoro, na 5xx kama 500, hitilafu ya seva. Kanuni hiyo imeandikwa. Viambishi nakubali. Ila ujumbe wa mwananchi usiwe msimbo. Mkulima wa zabibu wa Hombolo aone "Ankara hii imefutwa. Omba nyingine", pamoja na ile kumbukumbu ya kumsomea mhudumu kwenye simu.

Mchangiaji wa Kisasa
Basi tuongeze sehemu ya "rudia": ndiyo au hapana.

Mchangiaji wa Nkuhungu
Hapana, hiyo ni hatari kwenye malipo. 504 inasema jibu halikufika kwa wakati. Haisemi kwamba pesa haikutoka. Ukiandika "ndiyo", programu itatuma tena na mtu atakatwa mara mbili. Ukiandika "hapana", atadhani malipo yameshindikana na kulipa kwa njia nyingine. Ziwe thamani tatu: usirudie, rudia baada ya sekunde kadhaa (zitajwe kwenye Retry-After, kichwa cha jibu la HTTP), na uliza hali kwanza kwa namba ileile ya ombi. Hii ya tatu ndiyo ningependa imfunge kila mtoa API, kabla hatujagombania majina.